Kompyuta ikeshe, mfanyakazi alale

IKIWA wewe ni mfanyakazi wa afisi mjini Nairobi, Mombasa au Kisumu, bila shaka jambo hili limewahi kukupata. Umeshuka matatu saa moja jioni, umekula na watoto, umeoga na sasa wataka kulala. Mara unaikumbuka kompyuta ya kazi iliyomo mkobani. Unaifungua kwa dakika tano tu, ili uone kama kuna jambo la dharura. Unapoinua kichwa, saa ya ukutani yaonyesha saa nane za usiku.

Zamani mambo hayakuwa hivi. Karani alifunga faili, akazima taa, akamwachia bawabu ufunguo na kwenda zake. Hata kama meneja alimhitaji, ilibidi asubiri mpaka asubuhi. Kazi ilikuwa na mlango, na mlango huo ulifungwa.

Siku hizi kompyuta ya kazi huenda nyumbani na mwenyewe, na huko nyumbani hujiunganisha na afisi bila hata kuombwa. Waajiri wengi wameupenda mpango huu. Mimi pia naupenda, kwani ndio unaonipa riziki. Lakini nimeona madhara yake kwa macho yangu, na ndiyo sababu nimeamua kuandika.

Huenda msomaji akauliza, fundi wa kompyuta anatafuta nini katika kurasa za afya? Jibu langu ni kwamba daktari humwona mgonjwa baada ya kuanguka. Fundi humwona miezi mingi kabla, kwa sababu mitambo yetu huandika saa ambayo kila mtu ameingia kazini na saa ambayo ametoka. Tatizo ni kwamba sisi mafundi hatukufundishwa kusoma rekodi hizo kama watu wanaojali uhai wa wenzao.

Nami sikuzisoma hivyo.

Mnamo Machi 13, 2020, Serikali ilitangaza kisa cha kwanza cha Covid-19 humu nchini. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe na akahimiza afisi ziwaruhusu watu wafanyie kazi nyumbani. Kuanzia Machi 27 kafyu ikaanza kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri.

Kampuni niliyoifanyia kazi wakati huo, ambayo sitaitaja, ilinipa juma moja kuunganisha kompyuta zote za wafanyakazi ili zifikie afisi kutoka popote. Nilikesha. Juma lilipokwisha, kila mtu alikuwa na afisi yake mezani kwake nyumbani. Wakuu walinipongeza, nami nikajiona shujaa.

Katika idara ya uhasibu kulikuwa na mama mmoja wa makamo ambaye sote tulimheshimu. Mimi aliniita "kijana wangu". Miezi miwili baadaye nilianza kugundua kwamba kompyuta yake ilikuwa kazini saa saba, saa nane, hata saa tisa za usiku, na saa kumi na mbili asubuhi iko kazini tena. Unajua nilifanya nini? Nilimsifu kwa meneja. Meneja naye akamsifu mbele ya wenzake katika mkutano, akawaambia waige mfano wake.

Asubuhi moja ya Jumatatu mama huyo alianguka jikoni kwake akichemsha chai ya watoto. Hospitalini walimpima presha na kuikuta iko juu mno. Daktari alimwuliza maswali mengi, lakini alilolirudia mara tatu ni moja: "Mama, unalala saa ngapi?"

Daktari hakusema kwamba presha ililetwa na kompyuta. Mama mwenyewe alikiri kwamba ugonjwa huo uko katika ukoo wao. Alichoambiwa ni kwamba mwili wenye presha hauwezi kustahimili usiku wa saa tatu za usingizi kwa miezi mitatu mfululizo. Mungu alimjalia akapona. Nilipokwenda kumjulia hali alinipokea kwa tabasamu, akaniambia, "Kijana wangu, uliniwekea mlango wa afisi chumbani, lakini kitasa ulisahau."

Maneno hayo yamenikaa moyoni hadi leo.

Mambo yanavyofanya kazi

Ili tuelewane, yafaa kwanza nieleze mpango wenyewe. Afisi nyingi huwa na kompyuta maalumu ziitwazo seva, ambazo huhifadhi vitabu vya hesabu, barua, orodha za wateja na kadhalika. Seva hizo hulindwa zisifikiwe na mtu yeyote kutoka nje. Mfanyakazi aliye nyumbani akitaka kuzifikia, lazima apitie njia iliyofichwa ndani ya intaneti ambayo mafundi huiita VPN.

Ichukulie njia hiyo kama bomba lililofukiwa chini ya barabara kuu. Juu yake magari ya kila mtu yanapita, lakini yanayopita ndani ya bomba hayaonekani na aliye nje.

Mipango ya kwanza ya aina hii ilimtaka mtu abonyeze kitufe, aandike neno la siri na kungoja. Akimaliza kazi hukata, na bomba likafungwa. Halafu ikaja mipango ambayo haina kitufe. Mwaka wa 2009 kampuni ya Microsoft ilileta mtambo uitwao DirectAccess pamoja na Windows 7, na baadaye ikaleta Always On VPN kwa ajili ya Windows 10. Katika mipango hii, kompyuta ikiwashwa tu na kuona intaneti, bomba hufunguka lenyewe. Ikienda mkahawani, bomba lipo. Ikienda Nyeri kwa mazishi, bomba lipo.

Mwaka huo huo wa 2009 nyaya kubwa za mawasiliano zilizopita chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa. Kabla ya hapo intaneti ya nchi hii ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Nyaya hizo ndizo zilizowezesha mfanyakazi aliyeko Umoja au Likoni kufungua faili ya afisi kana kwamba ameketi kwenye dawati lake mjini.

Sasa naomba msomaji ashike jambo moja, kwa sababu hoja yangu yote imesimama hapo. Katika Always On VPN fundi anaweza kuweka mabomba mawili. La kwanza ni la kompyuta yenyewe. Hili hufunguka hata kabla mtu hajaandika jina lake, na fundi anaweza kulipangia lifike kwenye seva chache tu za ukarabati. La pili ni la mtu. Hili hufunguka baada ya mwenye kompyuta kuingia, na ndilo linalompeleka kwenye hesabu, barua na kazi zake.

Bomba la kwanza halina haja ya kulala. La pili linahitaji kulala, kwa sababu mwisho wake upo mwili wa binadamu.

Faida zake

Si haki kuutukana mpango huu bila kutaja wema wake. Kompyuta iliyokaa nyumbani miezi sita bila kuguswa na fundi ni kama mtoto aliyekosa chanjo. Ugonjwa ukizuka, huyo ndiye wa kwanza kuupata na kuuambukiza wengine.

Ushahidi upo. Mnamo Mei 2017 programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilienea duniani kote ikifunga faili za watu na kuwadai fidia. Katika huduma ya afya ya umma huko Uingereza, madaktari walijikuta hawawezi kufungua rekodi za wagonjwa, na baadhi ya hospitali zililazimika kuelekeza wagonjwa wa dharura kwingine. Ilikadiriwa kwamba zaidi ya miadi 19,000 ya wagonjwa ilifutwa. La kusikitisha ni kwamba Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya kasoro hiyo Machi mwaka huo, miezi miwili kabla. Kompyuta nyingi zilikuwa hazijaipata.

Kwa hivyo ninapotaka kompyuta ya daktari, ya muuguzi au ya mhasibu iwe imeunganishwa na afisi kila inapowashwa, nataka ipate chanjo yake kwa wakati. Hilo ni jambo la afya pia, maana siku hizi hospitali isiyo na kompyuta nzima ni hospitali iliyofungwa macho.

Lakini mlango ulio wazi unahitaji bawabu. Mnamo Februari 2024 wahalifu waliingia katika kampuni ya Marekani iitwayo Change Healthcare, inayoshughulikia malipo ya matibabu. Mkuu wa kampuni mama, Bw Andrew Witty, alieleza bunge la nchi hiyo kwamba wahalifu walitumia neno la siri lililoibwa, wakapitia lango la kuingilia kutoka mbali ambalo halikuwa na ukaguzi wa pili. Wanaduka wa dawa kote Marekani walishindwa kujua mgonjwa alipiwe nini na nani. Kampuni ililipa fidia ya dola milioni 22, na hatimaye ikakadiriwa kwamba habari za watu wapatao milioni 190 ziliguswa.

Ukaguzi wa pili ni kitu rahisi sana. Ni ile namba inayotumwa kwenye simu yako baada ya kuandika neno la siri, au programu inayokuuliza kama ni wewe kweli. Humu nchini Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa miongoni mwa habari nyeti. Mwajiri anayemruhusu mtu azifikie kutoka mbali kwa neno la siri peke yake anacheza na moto.

Kadhalika kompyuta ya kazi iliyoko nyumbani si ya familia nzima. Mtoto akiitumia kutafuta michezo, ni kana kwamba umemwachia ufunguo wa kabati la dawa.

Mwili haujui VPN

Sasa nirudi kwa binadamu. Wafanyakazi wengi wa mjini hawana chumba cha kazi nyumbani. Kompyuta huwekwa kwenye meza ya kulia chakula, kwenye kochi au kitandani. Skrini huwa chini, kwa hivyo shingo huinama. Jaribu kukaa kichwa kimeinama hivyo kwa saa tatu, halafu uniambie jinsi mabega yanavyohisi.

Macho nayo huumia. Mtu akikodolea skrini hupepesa kope mara chache kuliko kawaida, na macho hukauka, yakawasha na kuona ukungu. Wengi hudhani wanahitaji miwani kumbe wanahitaji kupumzika.

Usingizi ndio mkubwa kuliko yote. Mwanga mkali machoni usiku huudanganya ubongo kwamba bado ni mchana, na kichocheo cha mwili kinacholeta usingizi huchelewa. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi. Mtu anapolala, presha hushuka na moyo hupata nafuu. Anayekatiza usiku wake kila siku anaunyima moyo nafuu hiyo.

Mnamo Mei 2021 Shirika la Afya Ulimwenguni na Shirika la Kazi Ulimwenguni yalitoa uchunguzi wa pamoja kuhusu saa ndefu za kazi. Yalikadiria kwamba mwaka wa 2016 watu 745,000 walifariki kutokana na kiharusi na ugonjwa wa moyo uliohusishwa na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma. Ikilinganishwa na mtu anayefanya kazi saa 35 hadi 40, hatari ya kupata kiharusi iliongezeka kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17.

Msomaji, hebu piga hesabu yako. Saa nane za afisi kwa siku tano ni saa 40. Ongeza saa tatu za kila usiku kwenye kompyuta ya nyumbani na umefika 55. Hujatia Jumamosi. Wala hakuna aliyekuambia kwamba umeongezewa kazi, kwa sababu saa hizo haziandikwi popote isipokuwa katika rekodi za fundi.

Isitoshe, kuna uchovu ambao hautokani na kazi iliyofanywa. Unatokana na kungoja. Mtu anayejua kwamba anaweza kuitwa wakati wowote halali vyema hata asipoitwa. Anakula huku sikio liko kwenye simu. Mtoto anamweleza habari za shule, naye anaitikia "mmh" bila kusikia. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Ulimwenguni liliieleza hali ya kuchoshwa kabisa na kazi kuwa ni jambo linalotokana na mkazo wa muda mrefu kazini usiodhibitiwa vyema. Neno "kazini" lazima lizingatiwe. Halikusema ni uvivu wa mtu.

Tujifunze kwa wauguzi

Wakuu wengi hunijibu kwamba biashara haina usiku. Wateja wako ng'ambo, wanasema, na mzigo ukikwama bandarini hauulizi kama ni Jumapili. Wanasema pia kwamba kazi ya nyumbani imewasaidia akina mama wenye watoto wachanga na kuwaokoa watu na foleni za magari za Barabara ya Thika na Barabara ya Mombasa.

Yote hayo ni kweli. Mimi mwenyewe napenda kumpeleka mwanangu shule kisha nikaanza kazi bila kukimbizana na matatu. Lakini hebu tutazame mahali ambapo kazi haikomi kweli, yaani hospitalini.

Katika wadi mgonjwa anahitaji kutazamwa saa 24. Je, muuguzi aliyefanya kazi mchana hupigiwa simu saa nane za usiku aangalie maji ya mgonjwa kitandani? La. Kuna zamu. Anayetoka humkabidhi anayeingia, humweleza hali ya kila mgonjwa, huandika katika kitabu na kwenda nyumbani. Daktari anayeweza kuitwa usiku hujulikana mapema kwamba usiku huo ni wake, na wenzake hulala.

Ikiwa wadi yenye watu mahututi inaweza kuendeshwa kwa zamu, afisi ya kuuza bima itashindwaje? Ukweli ni kwamba kampuni nyingi hazina dharura kila usiku. Zina mazoea mabaya tu, na mtandao usiozimika umeyafanya mazoea hayo kuwa rahisi. Kuajiri mtu wa zamu ya usiku ni gharama. Kumtumia yule yule wa mchana bila kumlipa ni bure, au hivyo ndivyo inavyodhaniwa hadi siku anapolazwa.

Sheria ya Ajira ya 2007 humu nchini inamtaka mwajiri adhibiti saa za kazi, na inampa mfanyakazi haki ya angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Inampa pia likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Likizo ambayo unajibu barua za afisi ukiwa kwa mama mkwe si likizo.

Wenzetu wamelitazama jambo hili. Huko Ufaransa, tangu Januari 1, 2017, sheria inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane na wafanyakazi kuhusu haki ya kujitenga na vyombo vya kazi baada ya saa za kazi. Australia ilianza kutekeleza haki kama hiyo Agosti 2024. Hapa kwetu, Seneta wa Nandi, Bw Samson Cherargei, alileta mswada wa aina hiyo katika Seneti mwaka wa 2022. Shirikisho la Waajiri liliupinga.

Naelewa hofu ya waajiri kwamba sheria ngumu huenda ikafukuza biashara. Lakini mwajiri mwenye busara hahitaji kungoja bunge. Dawa imo mikononi mwake na mikononi mwa fundi wake.

Linaloweza kufanywa

Kwa mafundi wenzangu nasema hivi. Tutenganishe mabomba mawili. La kompyuta liachwe wazi saa zote ili lilete chanjo na kuangalia usalama. La mtu liwekewe saa. Seva inayokagua ruhusa ya kuingia inaweza kuagizwa ni siku gani na saa zipi kila kundi la wafanyakazi linaruhusiwa. Anayehitaji usiku kwa zamu apewe, na jina lake liandikwe. Kazi hii haihitaji mashine mpya. Yahitaji alasiri moja ya fundi na idhini ya mkuu.

Tuhakikishe pia kwamba hakuna anayeingia bila ukaguzi wa pili. Na kompyuta ikipotea au ikiibwa kwenye matatu, mwenyewe awe na namba ya kupiga mara moja ili bomba lake likatwe.

Halafu tuzisome rekodi zetu kwa jicho lingine. Tukiona kompyuta ya mtu iko kazini kila usiku, tusikimbilie kumsifu. Labda ana kazi ya watu wawili. Labda amefiwa na hawezi kulala. Labda si yeye kabisa, bali ni mwizi aliyeiba neno lake la siri. Katika hali zote tatu, jambo linalofaa ni kumwuliza kwa upole asubuhi. Hata hivyo wafanyakazi waambiwe mapema kwamba rekodi hizo zipo na zinatumiwa kwa shughuli gani. Kumchunguza mtu nyumbani kwake kwa siri ni ubaya mwingine tena.

Kwa waajiri nasema, barua mnazoandika usiku ziagizwe zitoke asubuhi. Programu za barua zina uwezo huo. Mkuu anapotuma swali saa tano za usiku na kusema "si lazima ujibu sasa", karani wake hasikii maneno hayo. Anachosikia ni sauti ya mwenye mshahara wake. Isitoshe, ukimpa mtu kompyuta ya kufanyia kazi nyumbani, mpe na kibodi ya pembeni na kiti kinachofaa. Bei ya kiti haifiki bei ya kitanda cha hospitali.

Kwa mfanyakazi mwenzangu nina machache. Skrini iinue kwa vitabu hadi ukingo wake wa juu uwe sawa na macho yako, nayo iwe umbali wa mkono ulionyooshwa. Kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita sita hivi kwa sekunde 20. Simama kila saa, hata kama ni kwenda kuchota maji tu. Ikifika saa uliyojiwekea, zima kompyuta kabisa, itie mkobani na mkoba uweke nje ya chumba cha kulala. Usiifunike tu, maana iliyofunikwa hukuita.

Na ikiwa una zaidi ya miaka 40, au kwenu kuna historia ya presha au kisukari, nenda ukapimwe. Kupima presha ni kazi ya dakika chache, na zahanati nyingi za mitaani zina chombo hicho. Presha haipigi hodi. Wengi huijua siku wanayoanguka.

Yule mama wa uhasibu alirudi kazini. Siku ya kwanza alinijia mwenyewe akaniomba nimfungie bomba lake kuanzia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi. Nilimwambia nahitaji sahihi ya meneja. Alikuwa nayo tayari mkononi.

Baadaye meneja aliniita na kuniagiza niifunge idara nzima vivyo hivyo, isipokuwa mtu mmoja wa zamu kila juma. Nilingoja nisikie malalamiko ya wateja. Sikusikia hata moja. Vitabu vya mwisho wa mwezi vilifungwa kwa wakati kama kawaida.

Kompyuta zenyewe bado hukesha. Usiku, wenye nyumba wanapolala, zile zilizoachwa zikiwaka huzungumza na seva, hupata chanjo zao na kungoja asubuhi. Hivyo ndivyo inavyofaa. Chuma hakina presha.